Limeulizwa na Mbwana wa Tanuri

Katika kiwanda cha mabakuli pale Mtoni, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa, palikuwa na ubao wa matangazo ambao zamani uliheshimiwa kuliko meneja. Ulikuwa pembeni mwa lango, chini ya kibaraza cha bati, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: GAZETI LA UKUTANI. Chini ya ubao lilining'inia kopo la rangi lililotobolewa mfuniko. Mwenye ubao na mwenye kopo alikuwa Audax, karani wa masijala, Mhaya mwembamba wa miaka hamsini na nne, anayejisikia kidogo. Tangu mwaka sabini na nne hakuwahi kukosa kubandika habari Jumatatu asubuhi, awe na homa au asiwe nayo.

Kazi ya kopo ilikuwa hivi. Mfanyakazi akikutana na neno la Kiingereza lililomkera, kwenye mashine, kwenye gunia, kwenye barua ya bima, aliliandika kwenye karatasi pamoja na jina lake, akalitumbukiza koponi. Jumatatu Audax alibandika maelezo: neno lilizaliwa wapi, likapita mikononi mwa nani, likafikaje Mtoni. Alikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada, cha asili ya maneno ya Kiingereza, alichoachiwa na mhasibu Mwingereza aliyefungasha virago kiwanda kilipotaifishwa. Saa nane mchana, zamu zilipopishana, alisimama mbele ya ubao akawasomea kwa sauti wale ambao kusoma kulikuwa bado kunawapa taabu. Watu walikaa chini, wengine na mabakuli yao ya ugali, wakasikiliza habari za neno kama wanasikiliza habari za jirani.

Na kila habari ilimalizika kwa mstari ule ule: Limeulizwa na Ndugu fulani wa idara fulani. Hapo Audax hakuwa na mchezo. Neno lisilo na mwenyewe ni uzushi, alisema, na mtu asiyetaka jina lake liandikwe akaulize vijiweni. Wakati ule hakuna aliyekataa. Watu waligombania. Kuna mwanamke wa idara ya kufungasha aliyenuna wiki mbili kwa sababu jina lake liliandikwa kwa herufi ndogo.

Hakuna aliyeupenda mstari ule kama Mbwana, mchomaji wa tanuri. Mbwana alikuwa mzaliwa wa hapo hapo Mtoni, mpana wa kifua, nyusi zimeungua zamani na hazikurudi. Bakuli likishapakwa rangi na kukauka lilipita kwake, na yeye ndiye aliyejua moto umefika au haujafika. Kipimo cha joto kilikuwepo ukutani na kilikuwa kimekufa tangu vita vya Kagera. Mbwana alichungulia tu kwenye kitundu, akaitazama rangi ya moto, akasema "bado" au "toa", na hakukosea. Aliingia darasa la kisomo la Audax akiwa na miaka thelathini, hajui a wala be. Maneno ya kwanza aliyoyasoma bila kusaidiwa na mtu yalikuwa kwenye ubao ule: Limeulizwa na Ndugu Mbwana wa Tanuri. Siku hiyo alimleta mkewe, Mwajabu, kutoka nyumbani, akamwomba mlinzi amruhusu aingie. Akauweka mkono wa mkewe juu ya jina lake, mbele ya watu, bila haya.

Hayo yalikuwa mambo ya wakati wa ndugu. Halafu ikaja miaka ya ruksa, na kila kitu kikaruhusiwa isipokuwa kiwanda kupumua. Mabeseni ya plastiki kutoka Dubai yakajaa sokoni Temeke, mekundu na mepesi, na mtu aliyenunua bakuli letu la bati alionekana mshamba. Tanuri mbili kati ya tatu zikazimwa. Kopo nalo likakauka. Nani angeuliza neno limetoka wapi wakati hajui yeye mwenyewe anakwenda wapi?

Audax hakukubali kopo life. Likiwa tupu alichagua neno mwenyewe, na kwa kuwa kanuni aliyoitunga haikumruhusu kuuliza na kujibu, alihitaji jina. "Nikuweke wewe wiki hii?" alimwuliza Mbwana mara ya kwanza. "Niweke, ndugu," Mbwana alijibu, akacheka kwa furaha. Mara ya pili alimwuliza pia. Baada ya hapo akaacha kuuliza. Kwa miaka mitatu hivi, maneno mengi aliyoyauliza Mbwana wa Tanuri, Mbwana aliyasikia kwa mara ya kwanza saa nane mchana pamoja na wenzake.

Mwezi wa tisa mwaka tisini na sita kiwanda kikapata mwenyewe mpya. Serikali ilikiuza kwa kampuni ya Afrika Kusini, na kampuni ikamleta meneja, Kaburu mrefu mwenye madoadoa usoni, jina lake Stefan. Lione jambo lilivyo. Katika kiwanda hicho hicho watu walijipanga foleni kutoa damu kwa ajili ya wapiganaji wa kule kusini. Kwenye ubao huo huo Audax alibandika picha za watoto waliopigwa risasi na Makaburu. Leo wafanyakazi mia na thelathini waliobaki walisimama uwanjani kwenye jua kumpigia Kaburu makofi, wakitazama mikono yake kama ina kitu.

Fundi mmoja wa kuchomelea, kwa kujipendekeza tu, akapaza sauti: "Karibu, baas!" Watu wakacheka. Stefan akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba anawaomba wasimwite hivyo. Neno hilo kwao limeshafanya madhara ya kutosha. Jina lake ni Stefan, inatosha.

Aliyekuwa akitafsiri ni Benedikto. Huyu inabidi tumweleze vizuri. Kwa miaka kumi na minne Benedikto alikuwa katibu wa tawi la Chama hapo kiwandani. Alitembea na shati la kijani na kijitabu, na siku moja alimsimamisha mtunza stoo mzima na ndevu zake ajikosoe mbele ya mkutano, kwa kosa la kusema "bwana meneja" badala ya "ndugu meneja". Sasa alikuwa Meneja Utumishi, mwenye tai na ufunguo wa gari. Akakohoa, akawageukia watu.

"Mgeni wetu anashukuru sana," alisema. "Anasema anataka nidhamu. Kuanzia leo kila mkubwa hapa aitwe bosi."

Audax alikuwa mstari wa pili. Kiingereza alikielewa. Alitazama kulia na kushoto: hakuna mwingine aliyeelewa, au kama yupo, alikuwa anapiga makofi. Kilichomuuma hakikuwa Kaburu. Kaburu kwa mara ya kwanza alikuwa amesema neno la maana, na aliyelitupa ni mtu wetu, aliyelelewa kwa ugali wa hapa. Jioni ile ile, mlangoni pa ofisi, mama mmoja wa kufungasha alimsalimu, "Habari za jioni, Ndugu Benedikto." Akajibiwa: "Ndugu zako wako kijijini kwenu. Hapa niite bosi." Yule mama akasema, "Samahani, bosi," na akainamisha kichwa.

Audax hakulitamka neno lile. Wiki nzima alizunguka na "mzee" na "meneja" na kukohoa, mradi asilitamke. Jumapili, badala ya kwenda misa ya pili, akafungua kitabu chake kisicho na jalada kwenye herufi B. Kopo lilikuwa tupu, alishalitikisa Jumamosi. Mbwana alikuwa Mbagala kwenye msiba wa binamu yake. Audax akaandika mpaka mkono ukamuuma, na alipofika mwisho akaandika jina kama alivyozoea. Tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe baadaye alijiambia mengi: kalamu ilisimama kidogo. Alijua kwamba habari ile haikuwa ya asili ya neno "kijiko". Halafu kalamu ikaendelea. Nitamwambia kesho, alijisemea.

Jumatatu saa nane akasimama mbele ya ubao, akasoma.

"BOSS. Neno hili si la Waingereza tangu mwanzo. Wamelitoa kwa Waholanzi, wanaosema baas, maana yake bwana, mwenye kazi. Waholanzi walilivusha bahari wakaenda nalo Amerika, walikojenga mji ule unaoitwa sasa Nyuyoki. Baadaye Wamarekani weupe, walipokwisha kujitangazia uhuru, waliona aibu kumwita mwajiri wao bwana, kwa sababu hivyo ndivyo watumwa walivyomwita mwenye mali. Wakatafuta neno lisilonuka utumwa, wakaliokota hili la Kiholanzi. Maana yake ni ile ile. Kazi ikabaki ile ile, na mwenye mali akabaki yeye. Waholanzi walilipeleka pia kusini mwa Afrika yetu, na huko Mwafrika aliyesahau kulitamka alikiona cha moto. Wako wataalamu wanaosema kwamba zamani mno, kabla halijawa bwana, huenda neno hili lilikuwa na undugu na neno la kale la Kijerumani lenye maana ya shangazi. Wengine wanakataa, na sisi hatuna ushahidi. Wajumbe waliokuwepo uwanjani wajue kwamba meneja mgeni aliomba kwa mdomo wake asiitwe hivyo. Basi ndugu, ukimwita mtu bosi, umemwita bwana kwa mlango wa nyuma. Limeulizwa na Ndugu Mbwana wa Tanuri."

Kisha mtu akarudia, "Shangazi?" na kibaraza kizima kikalipuka kwa kicheko. Watu walikuwa hawajacheka hivyo tangu tanuri ya pili izimwe. Mbwana alikuwa mbele, jasho la tanuri halijamkauka. Aliposikia jina lake alishtuka, akamtazama Audax, Audax akatazama karatasi. Basi Mbwana akainua mkono juu kama mtu aliyeitwa kwenye mahudhurio, na wenzake wakampiga mgongoni kumpongeza. Angeweza kusema pale pale kwamba hajui lolote. Hakusema, kwa sababu kumkana Audax mbele ya watu halikuwa jambo ambalo lingemjia akilini.

Kufikia Jumatano Benedikto alikuwa na jina jipya. Akipita idara ya kufungasha, sauti ya kike inatoka nyuma ya maboksi: "Jifunikeni, shangazi anapita!" Akiingia stoo, mtu anauliza shangazi amelalaje. Alhamisi asubuhi alikuta mezani kwake kanga, doti nzima, imekunjwa vizuri na kuwekewa sabuni ya kunukia juu yake, kama zawadi anayopelekewa shangazi wa bibi harusi. Aliyeiweka hakupatikana. Saa tatu akamwita Audax.

"Kaa, Audax." Neno ndugu halikuwepo. Gazeti la ukutani lilikuwa mezani, limechanwa pembe mbili. Kanga ilikuwa kwenye kapu la taka, sabuni haikuwepo. "Stefan anataka orodha Jumatatu. Watu arobaini wanapunguzwa. Nimemaliza thelathini na tisa."

Audax alitazama zile pembe zilizochanwa.

"Hili neno kauliza nani?"

"Umeshasoma."

"Nimesoma. Nakuuliza wewe." Benedikto alilegeza tai. "Mie na wewe tunajuana tangu enzi za Chama, usiniletee Kiswahili kirefu. Mbwana namjua. Mbwana hajui kama Waholanzi ni watu au ni ugonjwa. Kama hili umelitunga mwenyewe, sema, tutayamaliza wawili hapa hapa. Kama ni yeye, sema ni yeye."

Audax aliwahi kuona jinsi Benedikto anavyomaliza mambo wawili. Akilini aliona nyumba yake, namba tisa kwenye kota za kiwanda, ambayo mtu akiachishwa anaihama ndani ya mwezi. Aliona dawa za presha za mkewe Filomena, zinazotoka kwenye zahanati ya kiwanda. Ilibaki miezi kumi na mmoja astaafu kwa heshima na kurudi Bukoba kichwa juu. Yote hayo yalipita upesi sana, na katikati yake alijua vizuri kabisa kinachotakiwa kusemwa. Kilikuwa kifupi: ni mimi.

"Imeandikwa pale chini," alisema.

"Kwa hiyo ni Mbwana."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Benedikto alimtazama kwa muda, na midomo ikamcheza. Alielewa, huyo hakuwa mjinga. Alielewa, akaona inamfaa vile vile, pengine zaidi. Akaandika jina la arobaini kwa kalamu ya wino, akasukuma bunda la karatasi upande wa pili wa meza.

"Wewe utabaki. Nani mwingine ataniandikia Kiingereza cha watu? Hizi ndizo barua zao. Zitie Kiswahili kizuri, mtu asije akasema hakuelewa."

Nyumbani Filomena alimtengea ndizi, akakaa mbele yake. Habari za orodha zilikuwa zimefika kota kabla yake.

"Baba Gregori, umebaki?"

"Nimebaki."

"Mungu mkubwa. Na Mbwana?"

"Wakubwa ndio wanaojua."

"Wewe si ndiye unayeandika barua za wakubwa?" Filomena alisema, si kwa ubaya, alikuwa anauliza tu. Audax akasema ndizi zina chumvi nyingi, akatoka kukaa kibarazani.

Huko alijipangia maneno vizuri, kama kazi yake ilivyo. Mbwana ni mwenyeji. Ana nyumba yake hapa hapa Mtoni, ya urithi, na minazi mitatu, na ndugu kila kichochoro. Mimi ni mtu wa kuja, nitakwenda wapi? Yalikuwa maneno mazuri na kila moja lilikuwa kweli. Alichokiruka ni kwamba kazi ya kusoma rangi ya moto kwenye kitundu, jiji zima la Dar es Salaam, ilikuwepo mahali pamoja tu. Mtu wa miaka hamsini na mbili aliyeungua nyusi haendi kuanza kuuza plastiki za Dubai. Na hata hilo si kitu. Alichokiruka hasa ni kwamba hakuulizwa nani ana nyumba. Aliulizwa nani kaandika.

Barua zilichukua siku nane. Zote zilikuwa na maneno yale yale, majina tu ndiyo yaliyobadilika, lakini Audax hakuweza kuandika vibaya hata pale ambapo kuandika vibaya kungekuwa utu. Alitafuta neno linalofaa kila mahali. Ya Mbwana aliiweka chini ya bunda, akaichapa mwisho.

Wakazigawa Ijumaa saa nane mchana, zamu zinapopishana, pale pale chini ya kibaraza, maana hapo ndipo watu walipozoea kukusanyika. Benedikto aliita majina, Audax akakabidhi bahasha. Wengi waliwapa wenzao wawasomee. Mwanamke mmoja alikaa chini akavua viatu. Ilipofika zamu ya Mbwana, aliipokea kwa mikono miwili, na Audax alipotaka kuifungua amsaidie, akamzuia kwa upole.

"Acha, ndugu. Nasoma mwenyewe."

Akasoma. Kidole chini ya mstari, midomo ikitembea, kama alivyofundishwa. Ilimchukua muda mrefu na Audax alisimama pale muda wote, hakujua aende wapi. Mbwana alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena sehemu moja.

"'Tunakushukuru kwa utumishi wako uliotukuka, na tunakutakia heri huko uendako.'" Akainua macho. "Hii lugha yako, Ndugu Audax. Benedikto hawezi kuandika hivi."

"Niliambiwa nitafsiri."

"Najua." Akakunja barua katika nne. Watu wengine walikuwa wanasogea langoni, na kelele ziliwafunika wawili hao. "Mie lile neno sikuuliza, lakini."

"Najua."

"Si kwamba nimechukia kuwekwa. Ungeniambia ningekubali, sie tumezoeana. Nataka kujua tu kitu kimoja. Huyu bwana alipokuita, alikuuliza?"

Audax akatazama kopo, akatazama ubao, akatazama viatu vya Mbwana vyenye matundu ya cheche. "Aliniuliza."

"Ukamwambia?"

Hapo palikuwa na nafasi ya pili, na nafasi ya pili haiji kwa kila mtu. Benedikto alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, akikagua orodha. Ingetosha kugeuka na kupaza sauti. Wote arobaini wangemsikia. Huenda isingebadilisha barua hata moja, lakini Mbwana angetoka langoni akijua jambo fulani kuhusu miaka ishirini na miwili ya undugu wake na Audax. Audax alifungua mdomo. Alitaka kusema nisamehe, na nisamehe ikawa nzito kuitoa, maana ukiisema ni lazima useme kwa kosa gani. Akachukua nyingine nyepesi.

"Sori, ndugu yangu," alisema. "Sori sana."

Mbwana alimtazama, akatikisa kichwa taratibu, akacheka kidogo puani. "Sori," alirudia, kama mtu anayeonja mchuzi. Akapapasa mfukoni, akatoa kipande cha penseli, akachana ukingo wa ile bahasha. Akakiweka kikaratasi ukutani, akaandika kwa herufi zake kubwa, akajipa muda. Alipomaliza akakikunja, akakitumbukiza koponi, na kwa kuwa kopo lilikuwa tupu kilisikika kikigonga chini. Kisha akatoka langoni bila kugeuka, na Audax hakumwona tena ndani ya kiwanda.

Kopo halikufunguliwa kabla ya Jumatatu, hiyo ndiyo kanuni. Lakini Audax alilifungua Ijumaa hiyo hiyo, kila mtu alipoondoka. Kikaratasi kilisema: *Naomba asili ya neno sori. Limeulizwa na Mbwana wa Tanuri.* Lilikuwa swali la kweli la kwanza kutoka kwa Mbwana katika miaka mitatu. Neno ndugu hakuliweka.

Jumapili Audax akafungua kitabu kwenye herufi S. Aliandika habari nzuri, pengine iliyo nzuri kuliko zote, na machozi yalimtoka akiiandika, yakamkera. Alieleza kwamba Waingereza wa kale walilitoa neno hilo kwenye neno lao la kidonda. Watu wengi hudhani linatokana na neno lao la huzuni, sorrow, alieleza, kwa sababu yanafanana kwa sauti, lakini siyo, ni kidonda. Aliyelisema zamani zile alikuwa anasema kwamba yeye mwenyewe anaumwa, ana jeraha na halifichi. Neno likatumika karne kwa karne, likachakaa, jeraha likakauka ndani yake, hata leo mtu akikukanyaga dukani analitamka bila kukutazama usoni.

Hapo akafika mwisho wa karatasi, penye ule mstari. Filomena alikuwa anamwita ale. Audax alikaa na kalamu mkononi. Jina la Mbwana kwenye ubao, baada ya yaliyotokea, lingeulizwa. Benedikto angemwita tena. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka sabini na nne, Audax aliandika: *Limeulizwa na msomaji mmoja.*

Jumatatu saa nane aliisoma mbele ya watu wachache. Hawakucheka wala hawakuuliza kitu, wakanyanyuka wakaenda zao. Mwanamke mmoja tu wa kufungasha alisogea mpaka karibu na karatasi, akaitazama pale chini, akamtazama Audax, akaondoka. Benedikto akatokea nyuma ya Audax, mikono mfukoni, akasoma yote tangu juu, bila haraka.

"Hii safi," alisema. "Unaona? Habari nzuri na haina matata na mtu. Uwe unaandika hivi."

Alimpiga bega mara mbili akaanza kuondoka, halafu akasimama, kama mtu anayesubiri kitu kidogo alichokisahau. Uwanja ulikuwa kimya. Kutoka kwenye tanuri kulisikika watu wawili wakibishana kama bakuli limeiva au bado.

"Asante, bosi," alisema Audax.

Akabana karatasi kwa pini nne, moja kila pembe, akarudi masijala.